Visima Vichachu

Kombo alizikwa Jumatano, na mimi nikafika Kismayo Ijumaa, siku ya hitima, wakati wanaume wamekwisha soma na kula na wanawake wanakwangua masufuria uani. Mjane wake hakunipenda hata siku moja alipokuwa na mume, na hakuona sababu ya kuanza kunipenda kwa kuwa amefiwa. Aliniita katika chumba alichokaa eda, akanisukumia bati la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira, akaniuliza kama najua mchele uliomo humo ni wa nini, maana marehemu aliwakataza kuupika kwa zaidi ya miaka kumi. Nikamwambia ni mchele wa kukaushia kanda za kaseti. Kanda iliyoshika unyevu hufukiwa humo siku mbili tatu, ndipo inachezeka. Alifungua bati, akatia vidole, akauchambua kidogo. "Basi kuna siku tumelala njaa na mchele umo ndani," akasema, akamwita binti yake aupeleke jikoni. Ndicho kilichokuwa kitu cha mwisho kilichobaki cha ile Hifadhi ya Sauti tuliyoifanyia kazi pamoja, mimi na Kombo, mwaka niliokuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Kilichemshwa kwa chumvi na tui. Na mimi nilikula. Kilikuwa na ladha ya kabati.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu Mombasa na shahada ya kompyuta na tabia ya kuuliza kwa nini. Kwa nini tunahifadhi? Nani atasikiliza? Kama jambo lina thamani, kwa nini wenyewe wamelisahau? Maswali haya niliyauliza hata kwenye usaili, na nadhani walioniajiri waliyachukulia kuwa ni akili. Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya sauti za wazee wa visiwani, Koyama, Kudhaa, Darakasi na kwingineko, wale waliorudi baada ya miaka ya kukimbia vita na wale waliokuwa wakisubiri mjini warudi, na kuziweka kwenye kompyuta zikae, pamoja na kanda za kaseti za zamani walizotuletea watu. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la nyavu na mafuta ya injini. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, kompyuta mbili na dirisha la upande wa bandari ambalo Kombo alilipigilia ubao kwa sababu ya chumvi. Chumvi iliingia vilevile. Iliingia kwenye matundu ya waya, kwenye feni, kwenye vitufe vya kibodi, ikaacha unga mweupe ukiupangusa asubuhi unaurudia adhuhuri. Waliotufadhili walikuwa na sharti moja walilolirudia katika kila barua: kila faili iwe na nakala tatu, na zikae mahali patatu. Sisi tulikuwa na diski mbili, na zote zilikaa kwenye kabati moja, ya pili juu ya ya kwanza.

"Nakala chachu, wasema," Kombo alikuwa akisema, na wavuvi waliopanda juu kupumzika kwa kisingizio cha kuleta habari walicheka. Niwaeleze wasiokijua Kibajuni: pale Waswahili wengine wanapotia t, aghalabu sisi tunatia ch. Mtu kwetu ni mchu, watu ni wachu, na tatu ni chachu. Nililijua hilo. Nililijua kwa sababu nilipokuwa mdogo shuleni Mombasa niliwahi kuulizwa nina ndugu wangapi, nikajibu "wachachu", na darasa zima likaniita Hamira mpaka darasa la nane. Mchu na chachu nilizitema mapema, nikajifunza kusema Kiswahili kilichonyooka kama rula, na nilipokwenda Kismayo nilikwenda nacho. Siku ya kwanza tu Kombo alinisikiliza sentensi mbili, akaniita Mombasa. Mwaka mzima hakuniita kwa jina langu.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, fundi wa redio za meli zamani, na alikuwa na ubaya wa mtu aliyewahi kuwa stadi wa jambo lisilotakiwa tena. Alisafisha vichwa vya mashine ya kaseti kwa pamba na spiriti kila asubuhi kama mtu anayemwosha mgonjwa, kisha akakaa kunitazama nikifanya kazi na kuniuliza kwa upole kama ile kompyuta imesharoga nini leo. Mchana mkewe alituletea wali na samaki wa kupaka, na ndizi mbivu pembeni ya kuliwa pamoja na wali kama wafanyavyo watu wa mji ule, na kila siku Kombo aliichukua ndizi yangu kabla sijaigusa, akisema watu wa Mombasa hawajui kuila. Nilimchukia kwa ndizi ile. Nasema hivi ili isije ikadhaniwa kuwa yaliyofuata yalitokana na nadharia tu. Kulikuwa na nadharia, na kulikuwa na ndizi.

Bi Amina Fumo tulimrekodi mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mzee wa Koyama, mgonjwa wa kifua, akiishi na bintiye Mwanaisha katika chumba kimoja Majengo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa mlangoni, na ndoo ya unga wa mchele uliorowekwa, maana Mwanaisha aliuza vitumbua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mzito wa maneno, na jambo moja tu lilimtia kiburi: rojo lake. Alilionja kila saa kwa ncha ya kidole ili liumuke lisichache. Bi Amina alikuwa kinyume chake, mdomo mkali, hana huruma. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia, akasema amemjua bibi yangu na hakuwa mzuri wa sura pia. Alitaka halwa kwanza. Alipokwisha kula alifuta vidole kwenye leso yake kimoja baada ya kingine, akakitazama kile kinasa sauti kidogo kisicho na kanda, akauliza: "Hiki chakaa?"

Nikamjibu kuwa kitakaa kuliko sisi sote.

"Mimi sitaki kuliko sisi sote," akasema. "Nataka kuliko Athmani."

Athmani alikuwa mtoto wa kaka yake. Alikuwa na mashua mbili za injini na mtambo wa barafu mjini, na wavuvi wa Koyama waliorudi kisiwani wote walichukua barafu kwake. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa amekizungushia ukuta kisima kimoja nyuma ya kijiji, akajenga tangi la saruji na kutia kufuli. Koyama mtu haishi bila kisima. Nyumba unaweza kuijenga upya, chombo unaweza kukiazima, lakini ukiwa huna pa kuteka maji wewe ni mgeni wa wenye maji. Mwanaisha alitaka kurudi kwao, na alichokuwa nacho cha kurudia kilikuwa kisima kile. Bi Amina aliyasema yote kwa kinasa, muda wa saa moja na nusu, kwa kikohozi na matusi: kwamba baba yake Fumo alichimba visima vichachu, viwili vya wanawe wa kiume na cha tatu chake yeye Amina, kwamba alivitaja mbele ya watu siku ya harusi yake, akavitaja na majina, kimoja kimoja, akikunja vidole. Viwili vya wanaume sasa vimeharibika, kimoja kimebomoka na kimoja kimeingia chumvi. Kilichobaki na maji matamu ni chake. Alipomaliza aliniambia nizime, nikazima, akasema sasa ana usingizi.

Ninapokumbuka saa ile nashangaa jinsi nilivyochoka. Nilitazama saa ya simu yangu. Nilifikiri: kikohozi kitatoka vibaya.

Kazi niliyojivunia mwaka ule ilikuwa programu. Maandishi ya sauti zetu yalikuwa fujo. Mwandishi mmoja kaandika mchu, mwingine mtu, ukitafuta neno kwenye kompyuta unapata nusu. Nikaandika programu ya kuyasafisha. Ilipitia kila neno. Neno ambalo halimo katika orodha ya maneno ya Kiswahili sanifu ililitafutia mwenzake, ikaweka t mahali pa ch au ikabadilisha inavyofaa. Mchu ikawa mtu. Wachu ikawa watu. Neno lililomo kwenye orodha iliachana nalo, kwa sababu lilikuwa safi tayari. Niliwaonyesha wafadhili kwenye skrini, wakafurahi. Nikamwonyesha Kombo. Akasoma ukurasa mmoja akishika miwani kwa mkono, akasema hajui ni nani anayesema pale ila anajua si mchu wa Koyama. Nikamwambia ndiyo maana ya kusafisha. Mimi pia nilifupisha. Sauti ya saa moja na nusu niliitoa kurasa mbili, na penye marudio niliweka mabano. Kila andishi lilikuwa na mstari chini, *Imelinganishwa na sauti*, na Kombo alitakiwa kutia sahihi. Nilimpelekea rundo zima mara moja, wakati wa chakula. Alitia sahihi zote bila kusoma, mkono mmoja kwenye kalamu, mmoja kwenye ndizi yangu.

Kisha diski moja ikafa. Hakukuwa na kishindo. Asubuhi moja ilitoa mlio mwembamba kama wa mbu, kisha ikanyamaza. Ikabaki moja, na ilikuwa inajaa, na wafadhili walitaka picha za video za mafundi wa mashua, kubwa, za ubora wa juu, kwa ajili ya maonyesho. Nafasi haikutosha. Nikapendekeza tufute sauti ambazo zimekwisha andikwa. Nilikuwa na hoja, na hata leo nikiitazama naiona haikuwa ya kijinga. Tunahifadhi nini, maneno au mtetemo wa hewa? Kurasa elfu za maandishi hazijazi hata kipande cha nafasi inayoliwa na kikohozi kimoja. Watu huabudu kitu cha asili kwa sababu wanaogopa kuchagua. Nilisema haya kwa sauti, nikitembea chumbani, na Kombo akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe wamwaga uji," akasema, "waweka kata kabatini." Akaomba angalau wazee wa Koyama waachwe. Nikamuuliza ataziweka wapi, kwenye mchele? Wavuvi waliokuwapo walicheka, na safari hii walimcheka yeye. Nilifurahi. Siku mbili baadaye nilizifuta, kuanzia na zile zisizo na nyimbo wala ngoma, yaani vikongwe wanaosema tu. Ilichukua muda mfupi kuliko kula. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuta kitu kinachouliza maswali kuliko mimi, nikakijibu ndiyo.

Bi Amina alikufa mwezi uliofuata. Kabla ya arobaini yake Mwanaisha alimshtaki Athmani kwa kadhi, na Athmani, mbele ya watu msikitini, alisema jambo lililowashangaza wengi. Alisema shangazi yake hakuwa mwongo, na kwamba lolote alilolisema katika ile mashine yeye atalikubali. Watu walimsifu. Mwanaisha alipanda ngazi zetu siku ile ile, ameshika sahani ya vitumbua iliyofunikwa, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaniambia kwa Kibajuni chake kizito: "Mwanangu, nataka sauti ya mamangu. Kadhi yuwataka aisikie. Na mimi nataka niisikie kabla ya wachu."

Ningeweza kumwambia. Kombo alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, na nilijua ananingoja. Nikasema jenereta haina dizeli. Mwanaisha akasema basi atakuja kesho. Alikuja kesho. Nikasema dizeli haijaletwa. Siku ya tatu nikamwambia kuwa kwa kadhi karatasi ni bora, sauti ina kelele, itawachosha wazee, na nikampa zile kurasa mbili ndani ya bahasha nzuri. Hakujua kusoma vizuri. Aliishika bahasha kwa mikono miwili, akauliza kama na kikohozi kimo. Nikacheka, nikasema hapana, nimekitoa. Akasema ahsante. Kombo akatoka nje, na tangu siku ile hakugusa ndizi yangu. Iliachwa pembeni ya wali, nami sikuweza kuila.

Kikao kilikuwa asubuhi, katika chumba kirefu chenye mabenchi na feni isiyozunguka. Kadhi alikuwa mgeni, kijana kiasi, aliyeletwa kutoka bara. Kiswahili chake alikisomea kwenye shule za kambini Kenya, na alipenda kuendesha mambo ya wavuvi kwa lugha hiyo ili ionekane hahitaji mkalimani. Walikuwapo watu saba au wanane wa Koyama, wazee watupu, wamekaa nyuma. Athmani alivaa kanzu iliyopigwa pasi na alikaa kwa adabu. Kadhi aliisoma karatasi kimya, kisha akaisoma kwa sauti mahali penyewe. *Babangu alichimba visima vichachu. (Anataja majina.)* Mabano yale yalikuwa yangu.

"Maji machachu?" akauliza kadhi.

Mwanaisha akasema ni vitatu, kwao chachu ni tatu, mamake alisema vitatu. Akavitaja na majina, akikunja vidole vilevile kama mamake. Sikuyaandika majina yale, na hayako popote nilipopagusa mimi. Kadhi akamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye mdai, na mdai hawi shahidi wake mwenyewe. Akamgeukia Athmani.

"Sheikh, mimi ni mtu wa Koyama," Athmani akasema, na neno hilo *mtu* alilitamka vizuri kuliko mwalimu. Akaeleza taratibu. Visima vya babu yake vimeharibika, kila mtu anajua, kimoja kimebomoka na kimoja maji yake hayanyweki. Ndivyo vichachu anavyovisema shangazi. Hiki chenye maji matamu kilichimbwa na marehemu baba yake, baadaye. Shangazi hakusema uongo, Mungu amrehemu. Ilikuwa imekaa sawa kabisa. Hata mimi, kwa nukta moja, niliiona imekaa sawa.

Kombo akasimama nyuma, akasema ameisikia sauti ile kwa masikio yake na mama alisema vitatu kwa Kibajuni. Kadhi akainua karatasi ikaonekana na wote. Akamuuliza kama sahihi ile chini ni yake, chini ya maneno *Imelinganishwa na sauti*. Kombo akasema ni yake. Akamuuliza kama aliisoma. Kombo alikaa chini. Ndipo nikaitwa mimi.

"Marehemu alikuwa akisema mtu, au mchu?"

"Mchu."

"Hapa pameandikwa mtu." Akahesabu kwa ncha ya kalamu, bila haraka, midomo ikicheza. "Mara kumi na moja. Mchu hakuna hata moja."

"Nilisafisha," nikasema.

"Na vichachu hukulisafisha?"

"Programu ililiacha."

"Kwa nini?"

Nilijua jibu, na nilijua likitoka limekwisha. "Kwa sababu lilikuwa neno la Kiswahili."

"Lilikuwa neno la Kiswahili," akarudia, na aliridhika, kama mwalimu ambaye mwanafunzi mzito amefika mwenyewe. "Basi tuisikie sauti."

"Niliifuta."

Mwanaisha aliniangalia. Hakunikasirikia, si hapo. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu siku: siku ya kwanza dizeli, siku ya pili dizeli, siku ya tatu bahasha. Aliona zote, moja moja, akafika mwisho.

Mdai akikosa ushahidi, mdaiwa huapa. Kadhi akamletea Athmani Msahafu, akamwambia aape juu ya maneno ya shangazi yake aliyokubali kufungwa nayo. Athmani akaweka mkono. Barabarani mtu alikuwa akimwaga maji. Akasema kwa sauti ya wazi, pole pole: "Wallahi, babu yangu alichimba visima vichachu, kama alivyosema shangazi yangu."

Na ilikuwa kweli. Kila mtu wa Koyama mle chumbani alisikia mtu akila yamini ya kweli mbele ya Mungu, kwa lugha ya nyumbani, kwamba visima vilikuwa vitatu. Na kadhi alisikia kwamba vilikuwa vibovu. Athmani hakuapa uongo. Sidhani kama angeweza, alikuwa mtu wa swala. Alikuwa ameipata njia nyembamba kati ya lugha mbili, akapita humo na kisima begani, na njia hiyo niliifyeka mimi. Mzee mmoja nyuma alikohoa. Mwingine alitazama viatu vyake. Wote walichukua barafu kwa Athmani. Mwanaisha alisimama, akasema, "Kesha sema vitatu. Nyote mwamsikia kesha sema vitatu," akawageukia wale wazee, uso mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinua wake. Kadhi akamwambia akae, hukumu imekwisha. Alipokuwa akitoka Athmani alisimama mbele yangu, akaweka mkono kifuani kwa wema wa kweli, akaniita dada kwa Kisomali: "Umesoma, abaayo. Kazi safi."

Nilikaa Kismayo miezi mitano tena, mkataba ulivyotaka. Tulipiga picha za mafundi wa mashua, nzuri sana, na zikaonyeshwa mahali fulani Ulaya. Kombo alifanya kazi yake na hakuniita tena Mombasa. Aliniita bibie, kama mfanyakazi wa hoteli. Nilikwenda chumbani kwa Mwanaisha mara tatu kuomba msamaha. Hakunifukuza. Alinikaribisha, akanipa maji, akazungumza nami, na ilinichukua mpaka mara ya tatu kung'amua kilichobadilika. Alikuwa akizungumza nami Kiswahili cha Mombasa. Alikuwa akisema mtu na watu, kwa uangalifu, akitafuta kila t kama anayechagua mawe kwenye mchele. Kibajuni alikizungumza na jirani aliyechungulia mlangoni, kisha akanigeukia mimi, akanisafishia.

Huwa najiuliza, maana tabia hiyo haijaniacha, kama hoja yangu ilikuwa mbaya au ni bahati tu iliyokuwa mbaya. Lingekuwa neno lingine, programu ingeligeuza. Kisima kingekuwa kimoja, au vinne, nisingekuwa na kisa cha kusimulia, na sauti zile zingekuwa zimefutika vilevile, na ningekuwa nimesahau. Yamkini katika zile nyingine nilizozifuta kuna visima ambavyo hakuna aliyewahi kuja kuvidai. Diski ile ya mwisho waliichukua wafadhili. Niliwahi kuwaandikia. Walijibu kwamba maandishi yapo, ila aina ya faili niliyotumia haifunguki tena kwenye mashine zao.

Ijumaa ile ya hitima, baada ya ule mchele, nilitoka kwa mjane wa Kombo nikashuka kwa miguu kuelekea sokoni. Alasiri ilikuwa imeingia. Kwenye kona ya msikiti, chini ya turubai la buluu, alikaa Mwanaisha na chuma chake cha vitumbua, mnene zaidi, mvi zimetokeza chini ya ushungi. Aliniona tangu mbali, nikajua ameniona, maana alianza kugeuza vitumbua ambavyo havikuwa tayari. Nilisimama nyuma ya wateja wawili mpaka zamu yangu ikafika. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyabeba tangu uwanja wa ndege, na yote yalikuwa ya Mombasa.

"Vingapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo, na neno nililolitema darasani nikiwa mtoto, ambalo sikuwahi kulitamka mwaka ule mzima hata lilipohitajika, likatoka lenyewe. "Vichachu," nikasema.

Mwanaisha aliweka kijiti chini. Aliniangalia, hana chuki, kama anavyoangaliwa mteja msumbufu.

"Vitumbua vyangu si vichachu, dada," akasema. "Nimeviumua leo."

Akatandaza kipande cha gazeti, akavihesabu kwa sauti nikisikia, kimoja, viwili, vitatu, na t zote mbili alizitamka sawasawa, kama asemavyo mtu na mgeni.